Jeshi la Wanamaji: tuanze na macho na chelezo, mizinga baadaye

Kila meli mpya ya kijeshi inapoingia Kilindini, swali linaloulizwa barazani kwetu Likoni huwa ni moja: ina mizinga mingapi? Vijana huipiga picha wakiwa kwenye feri, wazee hukisia urefu wake kwa macho, na kabla ya adhana ya magharibi kila mtu ashatoa hukumu kama inaweza kuizamisha meli ya nchi fulani au la. Ni mazungumzo matamu, nami huyashiriki. Lakini kwa nchi yenye mfuko kama wetu, idadi ya mizinga ingefaa kuulizwa ya tatu au ya nne. Kwanza tuulize meli hiyo itakaa siku ngapi baharini kwa mwaka. Pili tuulize ikiharibika itatengenezwa wapi, na nani, kwa vipuri kutoka wapi.

Mimi si mwanajeshi. Nilisomea diploma ya ununuzi na ugavi, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeipitisha ghalani nikihesabu vipuri vya mitambo ya watu. Kwa hivyo nalitazama Jeshi letu la Wanamaji kwa jicho la mtunza ghala. Jicho hilo halina uzuri wa filamu za vita, ila huona mambo ambayo mpiga picha wa feri hayaoni.

Tuanze na ukubwa wa kazi yenyewe. Bahari ambayo Kenya ina haki ya kuvuna samaki na mali nyingine, hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni, ni takriban kilomita mraba 142,000. Hiyo ni karibu robo ya ukubwa wa nchi kavu yote ya Kenya, kuanzia Vanga hadi Mandera hadi Lokichoggio. Meli inayokwenda maili 15 kwa saa ikitoka Mombasa alfajiri, itafika ukingo wa eneo hilo baada ya saa 13 na zaidi, usiku umeshaingia. Kisha irudi. Mafuta ya safari hiyo moja yanalipwa na mimi na wewe.

Sasa zidisha ugumu. Wanamaji duniani kote wana hesabu yao ya zamani: ukitaka meli moja iwe kazini baharini kila siku, unahitaji meli tatu. Moja iko doria, moja inajiandaa na kufunza mabaharia wake, na ya tatu iko fundini. Ukiwa nazo tatu, basi ukweli ni kwamba unayo moja. Ukiwa na moja, kuna miezi huna kitu. Huu ndio uchungu wa jeshi dogo la majini, na hakuna rais wala waziri anayeweza kuubadilisha kwa hotuba. Kinachoweza kubadilishwa ni muda ambao ile ya tatu inakaa fundini, na namna ile ya kwanza inavyojua pa kwenda ikishatoka.

Hili la kujua pa kwenda lina gharama yake, na gharama hiyo tumeilipa sisi Wapwani kwa watoto wetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi maili kama 27 za baharini mashariki mwa Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini. Zaidi ya tani moja ya unga, karibu kiasi cha kuonekana kutoka minara ya hoteli zetu. Australia ilikuwa hapa kwa sababu ya ule muungano wa majeshi ya majini ya kimataifa unaozunguka Bahari Hindi. Miezi michache baadaye chombo kingine kiliburutwa hadi Mombasa na wapekuzi wakakuta zaidi ya kilo 300 za heroini zimefichwa katika tangi la mafuta. Agosti mwaka huo huo Rais Uhuru Kenyatta aliamuru kilipuliwe baharini, na kikalipuliwa. Moshi ule tuliutazama kwenye runinga tukapiga makofi. Mimi nilikuwa nikiwaza majahazi ambayo hayakusimamishwa na mtu. Yeyote anayepita Kisauni, Majengo, Malindi au mitaa ya Lamu anawaona mateja, na anajua kwamba yapo.

Kwa nini ilihitajika meli kutoka bara jingine? Jahazi la mbao ni chombo kigumu kukiona. Mbao haziakisi mawimbi ya rada kama chuma, chombo kiko chini karibu na maji, na kinafanana na mengine mia yanayokwenda kwa haki biashara zao za mchele, simenti na samaki. Rada kubwa haitoshi kukuambia lipi ndilo. Unahitaji habari kabla ya kutia moto injini: limetoka wapi, limekaa wapi kinyume cha kawaida, limekutana na nani usiku. Jeshi tajiri huweza kuitafuta bahari nzima kwa ndege. Jeshi maskini lisipokuwa na habari linachoma mafuta tu.

Tulifikaje hapa? Historia ni fupi. Wakati wa mkoloni palikuwa na kikosi cha wanamaji wa kujitolea hapa Mombasa tangu 1933, kisha likaja jeshi la majini la Afrika Mashariki lililovunjwa mwaka 1962. Jeshi letu wenyewe lilizaliwa Mtongwe tarehe 15 Desemba 1964. Mwaka 1966 zikaja meli ndogo tatu za doria kutoka Uingereza: Simba, Chui na Ndovu. Miaka ya 1970 zikafuata Mamba, Madaraka, Jamhuri na Harambee. Majina mazuri kweli.

Halafu yakaja makombora, na hapa pana funzo. Oktoba 1967 boti ndogo za Misri zilirusha makombora zikiwa karibu na bandari ya Port Said na kuizamisha manowari ya Israel iitwayo Eilat. Ulimwengu ulishtuka. Chombo kidogo, cha bei nafuu, kimezamisha kikubwa bila hata kukikaribia! Tangu siku hiyo kila nchi ndogo yenye bahari ilitaka boti za makombora, nasi pia. Meli zetu za miaka ya 1970 zilitiwa makombora ya Gabriel ya Israel mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwishoni mwa muongo huo zikaja Nyayo na Umoja kutoka Uingereza, zikiwa na makombora ya Otomat ya Italia. Kwa wakati wake ilikuwa nguvu ya kuheshimika katika pwani hii.

Ila adui aliyenunuliwa makombora hayo hakutokea. Waliotokea ni watu wengine kabisa: maharamia wa Somalia, ambao Septemba 2008 waliiteka MV Faina ikija Mombasa na vifaru 33, wauza unga, meli za kigeni zinazovua bila leseni, na Oktoba 2011, wale waliofika kwa boti Manda usiku wakamchukua mwanamke mlemavu wa Kifaransa kitandani kwake. Kombora la kuzamisha manowari halifai kwa boti ya fibre yenye watu watano na mateka mmoja. Nyayo na Umoja zilipopelekwa Italia kufanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi mwaka 2011, zilirudi bila makombora. Nilisikia watu wakilalamika kwamba tumenyang'anywa meno. Mimi nadhani ulikuwa uamuzi wa busara kuliko ulivyosifiwa, maana kombora nalo lina tarehe ya kumalizika muda wake kama dawa ya duka la dawa, na kulihuisha ni pesa.

Nililolalamikia mimi ni safari yenyewe. Meli mbili kubwa ulizonazo ziko Ulaya kwa pamoja, na huku nyumbani maharamia wamechachamaa. Hesabu ile ya tatu kwa moja ikawa haina hata mbili. Kisha kuna kisa cha KNS Jasiri. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2003, kwa bei iliyotajwa mara nyingi kuwa Sh4.1 bilioni. Meli ikajengwa Uhispania, mzozo wa kandarasi ukazuka, Bunge likaingia kati, na Jasiri ikatia nanga Mombasa Agosti 2012. Miaka tisa. Mtoto aliyezaliwa siku ya mkataba alikuwa darasa la tatu meli ilipofika. Mtunza ghala akisikia hivyo hahitaji kuuliza nani alikula nini. Anajua tu kwamba kitu kilichoagizwa kwa mahitaji ya 2003 kimepokewa katika mahitaji ya 2012.

Marehemu babangu alikuwa na sehemu katika mashua. Kila maji ya bamvua yalipojaa, mashua ilivutwa juu hadi ilipoweza kukaa kavu maji yakitoka, ikasuguliwa kombe na mwani, ikakalafatiwa palipoachana, na kupakwa deheni chini. Kazi hiyo ilifanywa na watu wa mtaa ule ule, kwa pamba, mafuta na chokaa iliyopatikana pale pale. Mashua haikuwahi kwenda Bombay kupakwa deheni. Babangu angeona ni wazimu.

Meli ya chuma ina mahitaji yale yale. Bahari yetu ya joto huota viumbe kwenye tumbo la meli upesi sana. Baada ya miezi kadhaa meli hupungua kasi na kula mafuta zaidi kwa safari ile ile. Chumvi hula chuma. Rangi, mipira ya mihimili, pampu, vyote vina muda wake. Kinachohitajika ni chelezo, yaani mahali pa kuivuta meli ikae kavu, na mafundi wanaoijua. Mombasa haikuwa jangwa katika hili. Kampuni ya kibinafsi imekuwa na chelezo kwa miaka mingi, na feri zetu zimetengenezwa hapo. Lakini meli za kijeshi kwa kazi kubwa zilikuwa zikivuka Suez.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi lililofanyika katika Jeshi la Wanamaji miaka ya karibuni halikuwa kununua meli yoyote. Ni kuundwa kwa Kenya Shipyards Limited, shirika la serikali chini ya Wizara ya Ulinzi, mwaka 2020, na chelezo kilichojengwa Mtongwe. KNS Shupavu, iliyokuja kutoka Uhispania mwaka 1997, imefanyiwa ukarabati wake mkubwa hapa hapa nyumbani. Kule Kisumu shirika hilo hilo limeunda MV Uhuru II kwa kushirikiana na Damen ya Uholanzi. Meli ya mizigo ya ziwani si manowari, sawa. Lakini mchomeleaji aliyejifunza kuunga bamba la chuma la meli kwa viwango vya kimataifa ataliunga popote.

Hapa nina neno na wakubwa. Chelezo kilichoko Mtongwe kina majirani. Vijana wa Likoni, Mtongwe yenyewe na Shika Adabu wanaona taa za kuchomelea usiku kutoka barazani mwao. Mombasa tuna Bandari Maritime Academy, tuna Chuo Kikuu cha Kiufundi, na tuna vijana wenye vyeti vya uhandisi wa meli wanaoendesha bodaboda. Shirika hili lina sababu ya kijeshi ya kuwachukua, mbali na sababu ya haki: fundi anayekaa dakika kumi kutoka kazini, ambaye hatahamishwa kesho kwenda Isiolo, ndiye anayebaki na meli miaka 20 na kujua kikohozi cha kila injini. Ujuzi wa aina hiyo hauko kwenye kabrasha la mtengenezaji.

Na injini zenyewe! Hapa naomba msomaji anivumilie, maana hili ndilo linaloniuma kitaaluma. Hesabu tulikopata vyombo: Uingereza, Uhispania, Ufaransa (KNS Harambee ya sasa ilikuwa meli yao, La Rieuse, tukaipata 2011), boti za kasi kutoka Marekani, na MV Doria ya Walinzi wa Pwani iliundwa Bangladesh. Kila kimoja kina injini yake, jenereta yake, rada yake, hata nati zake. Maana yake ghala linahitaji vichujio vya aina sita badala ya viwili, mafundi wa aina sita, na mikataba ya aina sita. Kipuri cha chombo kimoja hakiwezi kuazimwa kwa kingine. Boti ya msaada hupokewa kwa bendi na hotuba. Miaka mitano baadaye imeegeshwa kwa kukosa kifaa kinachotoshea kwenye kiganja, ambacho mtengenezaji aliacha kukiunda. Wazee walisema zawadi haikataliwi. Inaweza, hata hivyo, kuulizwa: unakuja na vipuri vya miaka mingapi? Na kama si kwa injini tulizozizoea, je, tunaweza kubadilishiwa? Nchi isiyo na pesa ina sababu kubwa kuliko nchi tajiri ya kuchagua aina moja au mbili za chombo na kung'ang'ania hizo.

Jirani yetu Ushelisheli amelitatua sehemu ya fumbo hili, na inafaa kumtazama. Watu wote wa visiwa vile ni kama 100,000, chini ya wakazi wa Likoni peke yake, lakini bahari yao ni zaidi ya kilomita mraba milioni 1.3, karibu mara kumi ya yetu. Walijua hawawezi kununua jeshi. Wakaegemea rafiki mmoja zaidi ya wengine: India iliwapa meli ya doria Topaz mwaka 2005, Constant mwaka 2014 na Zoroaster mwaka 2021, na tangu 2013 wana ndege za doria za Dornier kutoka huko huko. Ndege ndogo ya injini mbili huangalia kwa saa chache bahari ambayo meli ingeizunguka kwa siku nyingi, kisha meli inatumwa mahali maalumu. Machi 2010 Topaz ilikabiliana na maharamia na kuwaokoa wavuvi wa Ushelisheli pamoja na wa Irani waliokuwa mateka. Bila shaka kumwegemea rafiki mmoja kuna bei yake, na Washelisheli wamebishana vikali miaka mingi kuhusu kisiwa cha Assumption ambacho India ilitaka kukiendeleza kijeshi. Lakini mfumo wao unaeleweka: macho kwanza, miguu baadaye.

Sisi macho tunayo nusu nusu. Meli kubwa za kimataifa zinalazimika kubeba mtambo unaotangaza jina na mahali zilipo, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuziona. Mombasa ina kituo cha uratibu wa uokoaji wa baharini tangu 2006, na kwa makubaliano ya Djibouti ya 2009 iliteuliwa kuwa mojawapo ya vituo vitatu vya kupashana habari za uharamia, pamoja na Dar es Salaam na Sana'a. Wanamaji, Walinzi wa Pwani, idara ya uvuvi, bandari na polisi, kila mmoja ana kipande cha picha. Kuviunganisha vipande hivyo katika chumba kimoja na skrini moja ni kazi ya bei ya chini kabisa katika makala haya yote. Ugumu wake ni wa kiofisi: kila idara hupenda kukalia faili yake.

Na kuna macho ambayo hayagharimu hata shilingi ya mafuta. Kila usiku kuna mamia ya Wakenya baharini, kutoka Kiunga hadi Vanga, wanaojua sauti ya kila injini na sura ya kila tanga. Ni wavuvi wetu. Mvuvi wa Kizingitini akiona boti asiyoijua inakwenda bila taa, anajua kabla ya rada yoyote. Swali ni kama atapiga simu, na atampigia nani. Baada ya utekaji wa 2011 serikali iliwapiga marufuku wavuvi wa Lamu kuvua usiku, na marufuku ile ilidumu miaka. Asiyevua hajui maana yake. Uvuvi wa taa hufanywa usiku wa kiza, mwezi ukiwa haupo. Ndipo samaki hufuata mwanga. Kumkataza mtu usiku ni kumwachia nusu ya bahari na kumnyima sehemu bora ya mavuno, na kuna nyumba Pate na Faza ambako ada ya shule ilikatikia hapo. Serikali ilifanya hivyo kwa sababu haikuweza kutofautisha mvuvi na muuaji gizani. Kwa maneno mengine, udhaifu wa jeshi ulilipiwa na mwenye dau.

Mimi nalichukulia hilo kuwa kipimo bora cha jeshi la kisasa kuliko idadi ya makombora. Jeshi linaloona usiku humwacha mvuvi avue usiku. Lisiloona humfungia nyumbani, na kwa kumfungia hujipofusha zaidi, kwa sababu limewaondoa baharini mashahidi wake na kuwaachia maji wale wale linaowatafuta. Vikundi vya BMU viko kila ufuo. Vikipewa redio za mkononi, namba moja ya simu inayojibiwa na mtu anayesema Kiswahili, na uhakika kwamba anayetoa habari hatageuzwa mshukiwa, hiyo ni mitambo ya ulinzi ambayo hakuna kiwanda cha Ulaya kinaweza kutuuzia.

Kuna mkanganyiko mwingine wa kuondoa, wa nani afanye nini. Novemba 2018 Kikosi cha Walinzi wa Pwani kilizinduliwa Liwatoni, kikapewa kazi za kukamata wavuvi haramu, magendo na wachafuzi wa bahari. Wazo ni zuri: kazi ya polisi ifanywe kwa vyombo vya polisi, vya bei ndogo, na wanamaji wabaki na vita na bahari kuu. Litaharibika tu ikiwa vikosi viwili vitanunua boti mbili tofauti, vijenge ghala mbili na vishindane kwa bajeti moja.

Tusisahau uokoaji. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye, na ilichukua hadi tarehe 11 Oktoba kuwatoa, kutoka kina cha takriban mita 58. Wazamiaji wa jeshi walifanya kazi mbele ya macho yetu, wakisaidiwa na wazamiaji binafsi na wengine kutoka Afrika Kusini. Watu walisimama kivukoni siku zile wakisoma dua. Kilichokosekana hakikuwa ushujaa. Ni vifaa vya kuona na kufanya kazi kwenye kina kile, vyenye bei ndogo sana ukiviweka kando ya bei ya manowari, na vyenye manufaa katika mlango wa bandari kila mwaka, vita viwepo visiwepo.

Najua pingamizi inayokuja. Kijana mmoja ataniambia: angalia Ukraine. Aprili 2022 waliizamisha Moskva, bendera ya kikosi cha Urusi katika Bahari Nyeusi, kisha kwa boti zisizo na watu wakaisukuma mbali na Sevastopol, na wao karibu hawana jeshi la majini. Ni kweli, na maafisa wetu wasomee kisa hicho kwa makini. Lakini Ukraine iko vitani kwa uhai wake, na inapewa macho ya setilaiti na marafiki zake. Boti isiyo na mtu hailipuki mahali pazuri bila ya mtu aliyeona pazuri ni wapi. Tumerudi kwenye macho.

Mwingine atataja Kismayu, tarehe 28 Septemba 2012, wanajeshi wetu waliposhuka usiku kutoka baharini na kuutwaa mji kutoka kwa al-Shabaab. Naam, na pale pia tazama kilichohitajika: kupeleka watu na mizigo hadi ufukweni usio na gati. Ni kazi ya meli za kubeba, za aina ya Galana na Tana, ambazo hakuna anayezipiga picha kwenye feri. Wakati wa mafuriko ya Tana Delta, chombo cha aina hiyo kinaweza kubeba unga wa kula na dawa. Na kuhusu mpaka wetu na Somalia, ambao Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliutolea uamuzi Oktoba 2021 na Kenya ikaukataa, sidhani kuna mtu mwenye akili anayetaka uamuliwe kwa mizinga ya Nyayo.

Sheria nayo ni silaha ya maskini. Kuanzia 2009 nchi za Ulaya na Marekani zilikubaliana na Kenya kwamba maharamia waliokamatwa na manowari zao washtakiwe Mombasa, na mahakama maalumu ikafunguliwa Shimo la Tewa mwaka 2010. Hatukuwa na manowari za kuwafikia maharamia maili 500 nje, lakini tulikuwa na mahakimu, viongozi wa mashtaka na magereza, na kwa hivyo majeshi makubwa yalituhitaji. Nafasi kama hiyo ingefaa kutumiwa kudai mafunzo na vipuri, badala ya picha za kupeana mikono.

Bajeti husomwa Juni. Ulinzi huwa na siri zake na sitaki ziwekwe gazetini: meli iko wapi, inabeba nini, inatoka lini. Lakini siku ambazo kila meli ilikaa baharini mwaka uliopita, siku ilizokaa ikingoja vipuri, na kazi za chelezo zilizofanywa Mtongwe dhidi ya zilizopelekwa nje, ni hesabu ambazo kamati ya Bunge inaweza kuziitisha hata kwa kikao cha faragha. Wabunge wetu wa Pwani wana miezi ya kutosha kuandika barua ya ukurasa mmoja kuziomba, meli kwa meli, wakianza na Jasiri.